Costa Rica: Nchi isiyo na jeshi

Tarehe 1 Desemba 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu wapatao 2,000, kiongozi wa serikali ya muda ya Costa Rica, José Figueres, alilivunja jeshi na kuupiga nyundo ukuta wa kambi ya Bellavista mjini San José. Kambi hiyo sasa ni Makumbusho ya Taifa.

Katiba ya mwaka 1949 inapiga marufuku jeshi la kudumu. Usalama ni kazi ya polisi. Wavamizi waliotokea Nicaragua mwaka 1955 walishindwa, Umoja wa Nchi za Amerika ukisaidia. Fedha zilizookolewa zilielekezwa kwenye elimu na afya. Leo wananchi wa taifa hilo huishi kwa wastani wa takriban miaka 80.