Nani Amlipie Kijana wa Rapsu Ajifunze Ufundi?



Ndugu msomaji, mwezi huu wa Ramadhani tunasikia sana habari za kutoa. Hebu leo tutazame utoaji wa aina moja tunaousahau: kumlipia kijana ajifunze kazi ya mikono. Kisa cha yule Ansari aliyekuja kuomba kwa Mtume (S.A.W.) tunakijua. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani, vile vitu vyake viwili vikauzwa kwa dirham mbili. Dirham moja ikanunua chakula cha nyumbani, ya pili ikanunua shoka, na yule bwana akatumwa kukata kuni. Hakupewa sadaka ya siku moja, alipewa chombo cha kazi.

Hapa Kenya jambo hili lina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viongozi wa Kiislamu waliona vijana wetu wameachwa nyuma katika elimu ya ufundi. Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni walichanga fedha, kikajengwa chuo cha MIOME pale Mombasa, na mwaka 1951 kikapokea wanafunzi. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mizizi yake ni mchango wa watu walioamini kwamba ufundi ni amana.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilipitishwa mwaka 1959 ili kusimamia mikataba ya wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi chini ya mwajiri. Mwaka 1971 ukaongezwa ushuru wa mafunzo. Maana yake ni rahisi: kila mwajiri atie kitu kwenye mfuko mmoja, na anayefundisha wafanyakazi wake arudishiwe sehemu ya gharama. Bila hivyo, tajiri mmoja angefundisha na jirani yake angengoja tu kuwanyakua wale waliokwisha kuiva. Mwaka 2007 kiwango kikawekwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni ya watu 100 hutoa 60,000 kwa mwaka. Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa na kuundwa mamlaka ya NITA kuusimamia mfuko huo.

Mpango mzuri, lakini hebu tuulize: unamfikia nani? Pesa hizi hutoka kwa mwajiri mwenye ofisi na vitabu vya hesabu, na kurudi kwake huyo huyo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri juu ya Kenya, likaonyesha kwamba watu wengi wanajipatia riziki nje ya ajira rasmi. Ndio hao tunaowaita jua kali, na mpaka leo ndio wengi zaidi. Fundi wa jua kali hufundisha vijana kila siku, lakini hana cha kurudishiwa. Badala yake mzazi ndiye humlipa fundi, au kijana hufanya kazi bure miezi na miezi.

Sasa njoo huku kwetu Isiolo. Kaskazini ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Na ile Sessional Paper Namba 10 ya 1965 iliamua pesa za maendeleo zipelekwe kwanza panapotoa faida upesi. Viwanda havikuja. Pasipo viwanda hapana mwajiri wa kutoa ushuru, wala wa kurudishiwa. Rapsu ina mashamba ya kumwagilia maji, mifugo na vijana wenye nguvu. Pikipiki ikiharibika, au mlango wa chuma ukihitajika, kazi ipo. Anayekosekana ni wa kumlipia kijana ajifunze kazi hiyo.

Je, kuna njia? Ilishajaribiwa. Kuanzia mwaka 1997, chini ya mradi wa serikali na Benki ya Dunia, watu wa jua kali walipewa vocha za mafunzo. Mwanafunzi alitoa sehemu ndogo, vocha ikalipa iliyobaki, naye akachagua mwalimu mwenyewe. Wengi hawakwenda vyuoni, walikwenda kwa mafundi stadi. Pesa za mradi zilipokwisha, vocha nazo zikaisha. Funzo ni mawili: fundi wa mtaani ni mwalimu wa kweli, na mpango unaotegemea mfadhili hudumu kadiri ya mfadhili.

Kwa hivyo yafaa sehemu ya ushuru wa mafunzo itengwe kwa fundi wa jua kali anayechukua wanagenzi, alipwe pale kijana anapofaulu mtihani wa serikali wa ufundi, kuanzia Gredi ya 3. Serikali ya kaunti nayo, ambayo Katiba ya 2010 iliipa vyuo vya ufundi vya vijijini, isingoje majengo tu. Impeleke kijana kwa fundi.

Na sisi je? Tusiwaachie serikali yote. Kamati ya zakat ya msikiti inaweza kumchukua kijana mmoja maskini kila mwaka, imlipie ada ya mtihani na imnunulie sanduku la spana. Yeye ni fakiri, haki yake imo. Mwaka unaofuata huenda naye akawa mtoaji. Nabii Daud (A.S.), mfalme mzima, alikula kwa jasho la mkono wake akifua chuma. Nani kati yetu atamwonea haya mwanawe kupaka grisi mikononi?

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na atuwafikishe. Amin.