Akiba ya Mvuja Jasho na Mlango Uliofungwa

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alitangaza kutaifishwa kwa mabenki. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua tena njia kwa mabenki binafsi, na hofu ya benki kufilisika ikarudi pamoja nayo.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga mabenki matano kwa upungufu wa mtaji: Covenant ya wanawake, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Ndugu msomaji, yatazame majina hayo. Si majina ya mabepari wakubwa! Ni wanyonge waliojaribu kujikomboa, lakini jina la mkulima mlangoni halijazi mtaji ndani.

Tumfikirie muuza ndizi wa Mwembesongo apokeaye mzigo kutoka milima ya Uluguru. Fedha ya jana ndiyo mtaji wake wa kesho. Akiba ikizuiwa juma moja tu, genge limekufa. Kinga ya amana wakati ule ilikomea shilingi 1,500,000. Kilichozidi kilisubiri mufilisi auze mali na kudai mikopo. Kiwango kilipandishwa mwaka 2023 hadi 7,500,000.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni ya amana, si ya hisa. Mwanaushirika aliyeitikia wito akanunua hisa husimama mwisho wa foleni, nyuma ya wadai wote.