Jembe Darasani: Ugomvi wa Miaka Mia Moja

Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza kutumika Januari 2024, kidato cha kwanza kilifunguliwa milango miwili: mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Ndani ya amali kuna kilimo na ufugaji. Tangu siku hiyo kuna swali linalozunguka vibarazani Ng'ambo, Gongoni na Isevya hapa Tabora, kama linavyozunguka kwingine nchini: mtoto akipangiwa amali, ndiyo kusema ameshindwa masomo? Swali hilo lina umri wa miaka mia moja, na Tabora inalijua kuliko miji mingi.

Si kwamba Unyamwezi ilihitaji kufundishwa thamani ya jembe. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo walipanga safari zao kwa kalenda ya shamba. Waliondoka kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, na wengi walitaka kuwa wamerudi mvua za kupandia zikianza. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi kwa mazao ya mashamba na bustani za palepale. Mpunga wa mbugani na miembe, ambayo leo mgeni hudhani ni ya asili ya Tabora, vilikuja na njia ya misafara. Katika mji huu aliyelima alifanya biashara, na aliyefanya biashara alilima. Shule ndiyo iliyovitenganisha.

Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifungamane na kijiji chake: kilimo, afya, kazi za mikono. Mfano wake ulitoka Hampton na Tuskegee, shule za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Mwaka uliofuata London nayo ikatoa mwongozo wa elimu wa makoloni ya Afrika uliofuata mkondo huohuo.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa inajenga Tabora shule ya aina nyingine kabisa. Tabora School iliwekwa kwa ajili ya watoto wa watemi na wale watakaoshika kalamu za serikali, ikaigwa kutoka shule za mabwana wa Uingereza, viranja na taratibu zake zote. Mtoto wa mtemi alipata Kiingereza na mlango wa ofisi. Mtoto wa mkulima alihubiriwa kilimo. Mzazi wa Kinyamwezi hakuhitaji kusoma ripoti ya tume ili aelewe ni elimu ipi iliyokuwa na heshima, na mimi siwezi kumlaumu.

Ndiyo maana kila serikali ya kikoloni iliporudi na jembe, ilikutana na ukuta. Nyakato, karibu na Bukoba, shule ilipogeuzwa kuwa ya kilimo miaka ya 1930, Wahaya waliikataa, na haikuchukua muda mrefu masomo ya kawaida yakarejeshwa. Miaka ya 1950 ikaja zamu ya shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zilizopewa mwelekeo wa kilimo kwa hoja kwamba wengi wa watoto wasingefika sekondari. Wazazi waliona mtego: mwanao anafundishwa kulima ili asifike mbali. Uhuru ulipokaribia, mpango huo ulikuwa umeishiwa nguvu.

Aliyelifufua jembe hilo, na kwa nia tofauti, alikuwa mtoto wa shule ya Tabora.

Julius Nyerere aliingia Tabora School mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na baada ya Makerere alirudi mjini hapa kufundisha St. Mary's, kuanzia 1946 hadi 1949. Wanaosimulia maisha yake hawakosi kutaja jinsi alivyopinga upendeleo wa viranja akiwa mwanafunzi. Alikulia ndani ya mashine ya kutengeneza wateule, akaijua kila skrubu yake. Ukisoma kijitabu chake cha Machi 1967, *Elimu ya Kujitegemea*, ukiwa na picha ya shule hiyo akilini, sentensi nyingi zinapata anwani.

Kijitabu hicho kilitanguliwa na ugomvi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakiungana na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kuwa wasomi wote walitumikie taifa kwa miaka miwili kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalisema hali ilikuwa afadhali enzi za mkoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha hasira ikampanda. Kama tatizo ni mishahara, alisema, basi mishahara yote ni mikubwa mno, ukiwamo wake, na akaukata wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa, wakarudishwa makwao vijijini.

Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipojiuliza shule zetu zinazaa watu wa namna gani. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata kijitabu. Hakusema tu kwamba wanafunzi walime. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, hesabu zake zitunzwe na wanafunzi wenyewe, washiriki kupanga nini kilimwe na mapato yatumike vipi, na darasani wajifunze kwa nini mbolea hii imefaa na ile haikufaa. Maneno hayo ya hesabu na maamuzi ndiyo moyo wa hoja yake, na ndiyo yaliyosahaulika haraka kuliko yote.

Miaka ya 1970 sekondari zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Kumbuka kwamba kilimo na biashara viliwekwa vyumba tofauti. Azimio la Musoma la 1974 likasisitiza kazi kuwa sehemu ya elimu. Ila shuleni kwenyewe mambo yalikwenda vingine. Shamba likawa la kulisha bweni, na zaidi ya hapo likawa adhabu. Aliyechelewa namba alipewa ngwe ya kulima, aliyekosa adabu akang'oa kisiki. Kizazi kizima kilimaliza kidato cha nne kikijua jembe ni fimbo yenye mpini mrefu, bila kuwahi kuona daftari la mapato ya shamba hilo. Wanaosema vijana wa Kitanzania ni wavivu wa kulima waanzie hapo.

Hali ngumu ya miaka ya 1980 na soko huria la miaka ya 1990 vilimalizia kilichobaki. Michepuo ilififia, walimu wa kilimo wakapungua. Mwaka 2023 Wizara ya Kilimo chini ya Hussein Bashe, mbunge wa Nzega Mjini hapa mkoani, ilianza mpango wa BBT (Building a Better Tomorrow) wa kuwapa vijana mashamba, na mwaka uliofuata ukaja mkondo wa amali. Waliouanza kidato cha kwanza watafika cha nne mwaka 2027, miaka 60 tangu *Elimu ya Kujitegemea*.

Tabora haina kisingizio cha kushindwa mara hii. Ina kituo cha utafiti wa kilimo Tumbi, ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, ina misitu ya miombo inayotoa asali inayotafutwa mbali. Ina tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, zao linaloonyesha vizuri kuliko yote pale mkulima anapoumizwa. Haumizwi shambani. Anachukua pembejeo kwa mkopo kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, anapanda, anakausha, anafunga mtumba. Siku ya soko mteuzi anampa daraja, bei inasomwa kwa dola, makato yanapita, na mkulima anarudi nyumbani na karatasi ambayo mara nyingi hakuna mtu katika nyumba hiyo anayeweza kuichambua.

Mwanafunzi wa kilimo wa kidato cha tatu apewe karatasi kama hiyo, ya mkulima halisi aliyekubali itumike, jina likiwa limefichwa. Abadilishe dola kuwa shilingi. Apige riba ya mbolea. Aulize kwa nini mtumba wa pili ulishushwa daraja, na rufaa ikatwe kwa nani. Kisha aende shamba la shule akapande, akiwa na daftari lake mwenyewe, na mavuno yakiuzwa awepo mizani inaposomwa.