Mziki mnene wa Dodoma: besi ipo, ilimba iko wapi?

Wadau, spika ya kuchonga inasifiwa kwa kitu kimoja tu: besi. Mabati yakitetema, fundi kapasi. Lakini Ugogoni watu wameunda maboksi ya sauti tangu kitambo, na wao hawakuishia kwenye besi.

Chukua ilimba. Ni boksi la mbao, juu lina vijiti vya chuma, na matundu yake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo mwembamba. Mvumo huo ndio utamu wenyewe. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003, aliufikisha mpaka Ulaya, na albamu yake ya Chibite ilitoka 1996.

Spika nayo ina wazee wake. Mwaka 1925, Rice na Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza spika yenye koili inayosukuma koni kwa nguvu ya sumaku. Mpaka leo tunatumia muundo huo. Mwaka 1961, Neville Thiele wa Australia akaonyesha jinsi ya kukokotoa boksi lenye tundu la hewa, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Kukisia kukaisha, kwa wenye vipimo.

Fundi wa mtaani, ambaye jina lake haliandikwi popote kwenye boksi, mara nyingi anapata wufa isiyo na karatasi ya vipimo. Afanyeje? Apime mwenyewe. Anapiga sauti inayopanda taratibu kutoka Hezi 20 hadi 20,000, maikrofoni inasikiliza, programu ya simu inachora mstari. Pakipanda, spika inapayuka. Pakishuka, imemeza sauti.

Ila asipimie chumbani. Kuta mbili zilizoachana mita 3.4 zinakuza zenyewe sauti ya Hezi 50, utadhani besi ni ya spika kumbe ni ya chumba. Hapo ndipo uwanda wa Dodoma unageuka maabara ya bure: asubuhi kabla ya upepo, weka spika na maikrofoni chini kwenye uwanja, mbali na kuta. Maikrofoni ya simu haiaminiki sana, hasa kwenye besi ya chini kabisa, lakini ukiitumia hiyo hiyo, mahali pale pale, utajua boksi lipi limezidi lipi.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu nyimbo za Kigogo zinakaa juu: mvumo wa ilimba, zeze, sauti za akina mama zinazopandana. Zipitishe kwenye boksi la besi tupu, inabaki ngoma peke yake, na mtoto anayezisikia harusini ataamini muziki wa babu yake ndio ulivyo, mzito na hauna ladha.

Kwa hiyo siku ukienda kuchukua spika yako, usimpe fundi wimbo wa klabu peke yake. Mwambie aweke na ilimba. Mvumo ukisikika, mlipe hela yake.