Pembe Chini ya Kizingiti

Mwezi wa kumi kwetu Mara ni mwezi wa kaburi moja. Tarehe 14 watu wanaelekea Butiama, pale Mwitongo, kumkumbuka Mwalimu. Wiki mbili baadaye, tarehe 31, wenzetu wa Marekani na Uingereza wanavaa mifupa ya plastiki, wanaiita Halloween, na michezo ya kompyuta ya kutisha inauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi ni mteja wao wa siku nyingi. Napenda ile ya kutafuta vitu vilivyofichwa: unaingizwa kwenye jumba bovu lenye mizimu, unapewa orodha (ufunguo, bundi, mkasi, fuvu), halafu unatoa macho mpaka uvione vyote katikati ya takataka.

Wa kwanza kuucheza ulikuwa *Mystery Case Files: Ravenhearst*, uliotolewa mwaka 2006 na Big Fish Games, kampuni ya Seattle. Mpelelezi anatumwa kwenye jumba la Kiingereza kukusanya kurasa za shajara ya binti aliyepotea, Emma Ravenhearst. Mimi niliukuta kwenye kompyuta ya intaneti kafe moja karibu na Mukendo, Musoma, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Kampuni ilikuwa inakuachia saa moja bure, kisha mlango unafungwa hadi ulipe. Kwa hiyo nililijua vizuri sana lile jumba, ila vyumba vya mwanzo tu.

Wachambuzi wanasema michezo hii imetokana na vitabu vya picha vya watoto, kama vile vya Martin Handford vya kumsaka Wally, vilivyoanza 1987. Sawa. Lakini mimi kila nikibonyeza kitu kikatoweka kwenye orodha, nilikuwa naona kitu kingine kabisa, na kilinichukua muda kukubali kwamba ni nyumba ya bibi.

Nianzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilizuka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kundi la vijana waliovaa kizungu na kujiita wenye dawa ya Mchape. Walisambaa Rhodesia ya Kaskazini hadi kusini mwa Tanganyika. Wakifika kijijini, watu wanapangwa foleni, wanapita mmoja mmoja nyuma ya kijana mwenye kioo. Akikuona kwenye kioo kwa namna anayoijua yeye, basi wewe ni mchawi, toa pembe zako. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwakuta huko kwa Wabemba na akaandika habari zao mwaka 1935. Jambo lililonifanya nisome makala yake mara tatu ni kwamba alichunguza lundo la pembe zilizosalimishwa, akakuta nyingi mno zilikuwa vihifadhi vya dawa za kawaida tu. Watu walikuwa wamesalimisha dawa ya kikohozi.

Na serikali? Waingereza walishatunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na bado tunayo. Ndani yake, kukutwa na chombo cha uchawi ni kosa. Hebu lifikirie hilo. Wakoloni waliosema uchawi haupo waliandika sheria inayosimama juu ya kitu kilichofichwa, kitu ambacho lazima mtu akitafute, akipate, akinyanyue juu watu wakione.

Bibi yangu alikuwa mjane, anaishi kijiji kimoja upande wa Bunda, analima pamba na mtama. Macho yake yalikuwa mekundu. Anayepikia kuni na samadi kavu miaka arobaini kwenye jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani mengine? Mwaka 1996 walikufa watoto wawili wa jirani ndani ya mwezi mmoja. Mganga akaitwa kutoka mbali. Hakuja kuuliza maswali, alikuja kuchimba. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimeenda likizo, nimesimama kwenye kivuli cha mwembe na nimeambiwa nisisogee.

Walichimba chini ya kizingiti. Mganga akaingiza mkono, akautoa na pembe iliyofungwa kitambaa chekundu na shanga. Watu wakapiga yowe. Bibi hakulia. Alisema kitu kimoja, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hapa mchwa wanakula mpaka mlango. Hicho kitambaa mbona hakijaguswa?"

Hakuna aliyemjibu. Usiku uleule baba mdogo alimpakia kwenye lori la pamba, na toka siku hiyo alikaa kwetu Musoma, kwenye chumba cha uani. Wengine wa kanda yetu hawakupata lori. Alipofariki tulimzika Musoma, mbali na kaburi la mume wake, kwa sababu wazee wa kule walisema haitawezekana.

Sasa ona mchezo wangu ulivyo. Orodha unapewa na mtu aliyeviweka vile vitu mwenyewe. Huwezi kukosa, ni suala la muda tu. Ndiyo raha yake, na ndiyo maana mpelelezi wa Ravenhearst si mpelelezi kweli. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), anaufuata mzimu akiwa hana orodha mkononi. Anatazama kilichopo, na wakati mwingine kisichokuwepo. Bibi alikuwa mwanafunzi wake bila kujua: alitazama kitambaa ambacho mchwa hawakukila.

Kuna mchezo mwingine wa kuficha na kutafuta, umetoka Butiama yenyewe. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ya pili, *Mabepari wa Venisi* ya 1969, ina masanduku matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Picha ya Portia imo katika moja. Anayefungua la dhahabu anakutana na fuvu. Tuseme ni Halloween kamili, jukwaani, kwa Kiswahili. Ila pale aliyeficha anajulikana, ni baba wa binti, marehemu, na masharti yanasomwa mbele ya wote kabla sanduku halijaguswa. Anayekosea anaumia yeye aliyetafuta, siyo mwenye nyumba. Nilikuwa nawaza hayo siku moja natoka kwenye makumbusho ya Mwalimu, nautazama msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mzimu wao. Msitu ule umebaki umesimama kwa sababu hakuna anayeingia kuchokonoa.

Mwaka 2010 niliazima laptopu ya rafiki, nikamwonyesha bibi lile jumba. Nilitaka acheke kidogo. Alikaa kwenye mkeka, akasogeza uso karibu na kioo. Nikamwelezea: bibi, tunatafuta bundi, tunatafuta ufunguo. Alimwona bundi kabla yangu, na macho yake yale.

"Na aliyeviweka humu ni nani?"

"Ni wenye mchezo, bibi."

"Wanajua vilipo?"

"Wanajua."

Akanyamaza. Tukapata mkasi, tukapata fuvu, saa ikaisha. Skrini ikageuka, likaja lile tangazo la kulipia. Nikamsomea.

Bibi akauliza wanataka kiasi gani.