USAFI WA MTAA WA ASIATIQUE, BUJUMBURA: NANI ALISHIKA UFAGIO?



Katika toleo hili la ukumbusho Kamati imetutaka sisi walimu tuandike juu ya historia ya kule tulikotoka. Wengine wataandika habari za wafalme na vyama. Sisi tumechagua jambo dogo, yaani kufagia njia, kukusanya majani na kuzoa taka katika mtaa wa Asiatique, Bujumbura. Hapa kambini malalamiko juu ya mashimo ya taka hayaishi, na kila mkutano swali ni lile lile: hii ni kazi ya nani? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko kambi.

Asiatique iko sehemu ya chini ya mji, karibu na bandari na Ziwa Tanganyika, jirani na Buyenzi. Jina lake la Kifaransa linajieleza. Ni mtaa waliopangiwa wafanyabiashara Wahindi na Waarabu wakati Wabelgiji walipougawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikuwa na upande wao, na Waafrika walikuwa na Buyenzi na Bwiza. Asiatique ilikuwa katikati kwa kila namna: duka mbele, familia nyuma, Kiswahili sokoni. Tangu mwaka 2014 mtaa huo umo katika komini ya Mukaza.

Mji wenyewe ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukiitwa Usumbura. Usafi wa amri uliletwa na hofu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1906 daktari Robert Koch alikuja Afrika Mashariki kuuchunguza, na baada yake Wajerumani wakafungua kambi za wagonjwa kando ya Tanganyika, mojawapo hapo Usumbura. Vichaka vya ufukweni vilifyekwa, kwa kuwa mbung'o hupenda kivuli kilicho karibu na maji. Sababu ilikuwa ya kweli, lakini aliyefyeka hakuulizwa kama anataka.

Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916. Katika makoloni yao wafungwa walitolewa gerezani kufanya kazi za barabara na usafi, na viboko vilikuwa sehemu ya sheria. Aidha, afya ilitajwa kuwa sababu ya kutenganisha mitaa, kana kwamba uchafu una rangi. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo ufagio ulipoharibiwa jina. Mtoto aliyemwona mfungwa akifagia chini ya ulinzi wa askari alijifunza kuwa kufagia ni adhabu. Somo hilo halikuondoka na Wabelgiji tarehe 1 Julai 1962, wakati Burundi ilipopata uhuru na Usumbura kuitwa Bujumbura.

Lakini ufagio ulikuwa na historia nyingine, ya nyumbani. Kwa Waswahili uwanja hufagiwa alfajiri, mgeni akipita aone mistari ya ufagio mchangani. Usiku haufagiwi, wazee wanasema unatoa riziki nje. (Tukiulizwa, tutasema taa zilikuwa hafifu na pete zilipotea!) Katika nyumba zenye uwezo aliyefagia ni boi, na mwenye duka aliusifu usafi wake bila kuinama. Ndiyo maana tunasema kuwa mtaa ulikuwa safi kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Majani ya miembe na miti mingine ya barabarani yanastahili maneno machache. Kiangazi huanguka na kukauka, na watu wengi huyachoma, moshi ukaingia vyumbani na vifuani mwa watoto. Yasiyochomwa husukumwa mtaroni. Mvua za vuli zinapofika majani hayo, pamoja na mifuko na maganda, huziba mtaro, na maji hupanda barabarani. Maji yakipata njia huteremka hadi ziwani, ambako mji huchota maji yake ya kunywa. Anayefagia taka kuzitia mtaroni hajazitupa. Amezituma mbele ya bomba lake mwenyewe.

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na idara ya kazi za mji iliyojulikana kwa jina la SETEMU. Ilihusika na taka, maji machafu na barabara. Taka zilipelekwa Buterere, kaskazini mwa mji. Mwenye nyumba wa Asiatique aliona lori likiondoka na moyo wake ukatulia. Mkazi wa Buterere aliliona likifika. Huko watu, watoto wakiwamo, walichambua jaa wakitafuta chuma, chupa na chakula. Baadaye vyama vya vijana na vya akina mama vilianza kuzoa taka nyumba kwa nyumba kwa malipo ya kila mwezi. Palipolipwa, njia zilikuwa safi. Palipochelewa kulipwa, magunia yalibaki kwenye kona na mbwa wakayapasua.

Wengi wetu tunakumbuka pia kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, hasa baada ya mwaka 2005, maduka yakifungwa mpaka kazi iishe. Wenzetu kutoka Kongo watakumbuka salongo ya Mobutu. Kazi hizo zilisafisha mitaro mingi, hatukatai. Hata hivyo kazi ya lazima humfanya mtu ahesabu saa, wala hasafishi Jumapili. Amri ya kukataza mifuko ya plastiki, iliyotolewa mwaka 2018 na kuanza kutekelezwa mwaka 2020, ilitutangulia kidogo, maana kwa wengi wetu mfuko huo ndio uliobeba nguo tulipokimbia.

Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, wakingoja kuvushwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwa. Kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 3,000 na kuua zaidi ya 30. Walikuwamo watu waliofagia nyua zao kila alfajiri ya maisha yao. Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika walikumbuke hilo kila wanapotuandalia semina ya usafi: pale Kagunga hatukukosa elimu, tulikosa vyoo, sabuni na maji safi.

Nasi wakazi tuna yetu. Katika shule nyingi, na hata hapa, mtoto aliyechelewa hupewa ufagio kama adhabu. Chuo cha ualimu kilitufundisha kupanga somo, lakini hakikutuambia kwamba adhabu hiyo inarudisha gereza la Wabelgiji darasani. Tangu muhula uliopita walimu wa upande wetu tumeiacha. Zamu ya kufagia hufuata safu za madawati, wavulana na wasichana pamoja, majani huenda kwenye shimo la mbolea la bustani ya shule, na mwalimu wa zamu hufagia pamoja nao. Mabeleshi ni mawili tu, na toroli tunaliazima kwa wazoa taka wa zoni, ambao posho yao ya miezi miwili bado haijafika.