Wabunifu wa kwanza wa tovuti walisoma wapi?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Kama uko kwenye kompyuta yenye Chrome au Firefox, fungua tovuti yoyote, shikilia Ctrl halafu bonyeza U. Litafunguka dirisha limejaa maandishi na alama za ajabuajabu. Usiogope, hujaharibu kitu! Huo ndio msimbo wa ukurasa, yaani maelekezo ambayo kivinjari kimeyasoma ili kikuchoree unachokiona.

Sasa jiulize: kwa nini tunaruhusiwa kuuona? Ukinunua programu ya uhasibu, huwezi kuifungua ukasoma jinsi ilivyoandikwa. Ukurasa wa tovuti unafunguka kwa mtu yeyote, na fani nzima ya ubunifu wa tovuti ilikulia hapo. Ilikua na uzuri wake, na makosa yake pia.

Shule isiyo na mwalimu

Wavuti ilianzia CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Machi 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika pendekezo la kuwawezesha wanasayansi kusomeana nyaraka hata kama kompyuta zao ni za aina tofauti. Kurasa ziliandikwa kwa HTML, ambayo ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa alama: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia umma teknolojia hiyo bila malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kikatoa kivinjari cha Mosaic kilichoonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja.

Ghafla kila mtu akataka ukurasa wake. Lakini nani angewafundisha? Fani yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa. Basi watu wakajifunza kama fundi cherehani anayefumua gauni ili aone lilivyokatwa. Uliona ukurasa unaopendeza, ukafungua msimbo wake, ukanakili, ukabadilisha neno hapa na rangi pale, ukaangalia kilichotokea.

Kosa nalo likanakiliwa

Shida ni kwamba HTML ilitengenezwa kueleza mpangilio wa maandishi, siyo urembo. Ukitaka safu mbili kama za gazeti ulikuwa huna njia. Mwaka 1996 Mmarekani David Siegel akatoa kitabu, Creating Killer Web Sites, kilichoeneza ujanja mmoja. Chukua jedwali, lile la kuwekea takwimu, ficha mistari yake, kisha panga picha na maandishi ndani ya visanduku vyake. Pakihitajika nafasi, weka kipicha kisichoonekana cha pikseli moja, kivute kifike unapotaka.

Kurasa zikapendeza kweli. Na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, ujanja huo ukaenea kwa kasi, pamoja na gharama zake. Kurasa zikawa nzito. Ukitaka kubadilisha sura ya tovuti yenye kurasa 200, ulifungua zote 200. Na mtu asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, angeweza kusomewa visanduku kwa mfuatano usioeleweka. Mwaka 1997 Siegel mwenyewe aliandika makala akikiri kwamba wavuti imeharibika na aliyeiharibu ni yeye.

Cha kushangaza, dawa ilikuwa tayari ipo. Oktoba 1994 Mnorwei Håkon Wium Lie, akiwa CERN, alipendekeza CSS. Mholanzi Bert Bos akaungana naye, na toleo la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996. Wazo ni rahisi: maudhui yakae kwenye faili lake, mwonekano ukae kwenye faili lingine. Ukigusa faili la mwonekano, kurasa zote 200 zinabadilika kwa mpigo.

Kwa nini basi watu hawakuhama mara moja? Netscape na Internet Explorer, vivinjari vikubwa vya wakati ule, vilikuwa vitani, na kila kimoja kilisoma CSS kivyake. Mwaka 1998 wabunifu wakaunda Web Standards Project ili kuzibana kampuni zifuate viwango vilevile.

Bustani ya faili moja

Hata vivinjari vilipoboreka, wengi waliendelea kuamini kwamba CSS huzaa kurasa zisizo na mvuto. Kilichowabadilisha ni mfano. Mei 2003 Mkanada Dave Shea alizindua CSS Zen Garden. Alitoa ukurasa mmoja wa HTML na kuwaalika wabunifu waubadilishe sura kwa CSS na picha tu, bila kugusa hata herufi moja ya HTML. Matokeo yake ni mamia ya sura zisizofanana kabisa, juu ya maandishi yaleyale. Na ungeweza kufungua kila moja ukaona ilivyofanyika. Njia ileile iliyoeneza majedwali ndiyo iliyosaidia kuyaondoa.

Huenda unasoma makala hii kwenye simu. Kama maandishi yanaenea vizuri kwenye kioo chako, kuna historia hapo pia. Aprili 2000 Mwaustralia John Allsopp aliandika kwenye jarida la A List Apart kwamba ukurasa wa wavuti si karatasi, na mbunifu akubali kwamba utabadilika kwa kila msomaji. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Mei 2010, Ethan Marcotte alimnukuu Allsopp mwanzoni mwa makala yake kwenye jarida hilohilo, akaonyesha namna ya kulitekeleza: safu zinazopimwa kwa asilimia, picha zinazojipunguza, na kanuni za CSS zinazobadilika kulingana na upana wa kioo. Naye aliweka ukurasa wa mfano ambao msomaji angeweza kuufungua.

Darasa linafungwa?

Rudi kwenye jaribio letu. Kwenye tovuti nyingi za leo, Ctrl na U vitakuonyesha ukuta wa herufi zisizosomeka. Msimbo umebanwa na mashine: nafasi zimeondolewa, majina yamefupishwa. Sababu ni ya haki, maana faili dogo hufunguka haraka na halimalizi bando. Ila mwanafunzi anapata shida kufumua gauni hilo.

Bado kuna njia. Bonyeza F12 uone vipande vya ukurasa, ubadilishe rangi na vipimo papo hapo. Maelezo ya MDN, yaliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, ni ya bure. Lakini kumbuka majedwali. Kunakili kunakuonyesha kinachofanya kazi, hakukuambii kwa nini, wala nani ataumia. Leo msimbo tunaweza hata kuandikiwa na akili mnemba, na hatari ni ileile.

Kwa hiyo jaribu hili wiki hii. Fungua ukurasa wako ndani ya Firefox, nenda kwenye menyu ya mwonekano, zima mtindo wote. Soma kilichobaki, toka juu mpaka chini. Kikieleweka, umejenga vizuri. Kisipoeleweka, umeshajua pa kuanzia.